Boti Yako Haikuchukuliwa na Ziwa

Kambarage,
Shinyanga.

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Mwangaluka. Leah mjukuu wako amesimama hapa pembeni ya meza, anataka shikamoo yake iandikwe peke yake, isichanganywe na yangu, kwa hiyo pokea na hiyo: shikamoo Babu. Unaendeleaje? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Na Mama, magoti yanamfikisha shambani au bado anajikaza tu ili asionekane mgonjwa? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi nimevunjika mguu, na ndiyo maana umeletewa karatasi badala ya kuniona mwenyewe. Usishtuke. Ni mfupa mdogo karibu na kifundo, hospitali wamenifunga plasta, na mdomo haukuvunjika, kama utakavyosikia.

Najua anayekusomea ni Kaka Maduhu, kwa kuwa macho yako siku hizi yanaona mwanga tu na vivuli. Kaka, shikamoo. Soma taratibu, kwa sauti ambayo Mama naye ataisikia, na umwite aache jiko kidogo aje akae. Usiruke mstari hata ukiona mwandiko mbaya. Mwandiko wangu unaujua tangu ulipokuwa unanifanyia hesabu za shule ili nisichapwe.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa Kaka, na mambo ya humu hayafai kukatika katikati mtandao ukiyumba. Tena wewe Baba barua huwa unaitaka isomwe mara mbili. Hii nayo isomwe mara mbili.

Sasa nisikuzungushe. Fuso iliyosimama hapo nje, ambayo mkwe wako yuko kando yake na anakataa kuingia ndani kwa heshima ya Mama, imebeba boti yako. Sisemi boti inayofanana na yako. Ni yenyewe, ile ya aluminiamu uliyoachiwa na padri mzee aliporudi kwao, ile ambayo watu wa mwaloni, hapo ufukweni vyombo vinapotia nanga, wenye mitumbwi ya mbao waliiita Sufuria kwa wivu wao. Haikuzama, Baba. Ziwa halikuichukua. Nakuomba ubaki hapo ulipoketi mpaka barua iishe, ndipo ukaiguse. Baba Leah nimemwagiza asifungue turubai kabla. Amri zangu nyingi huwa anazipuuza, ila hii ameapa ataitii.

Nianze na siku ile, maana naona tangu siku ile sote tunaipita pembeni kama watu wanaokwepa shimo la choo. Nilikuwa nyumbani, nimekuja kwa Mama na Leah akiwa na miezi miwili. Upepo ulivuma mpaka alfajiri, mabati ya jikoni yakang'oka. Asubuhi Kaka akarudi kutoka mwaloni na kamba ya bluu mkononi. Akasema boti haipo. Akasema kamba ameikuta inaelea, bado imefungwa kwenye kigingi chake, lakini upande wa boti fundo limefunguka. Uliichukua ile kamba ukaupapasa mwisho wake. Ulikuwa laini, hauna alama. Ukakaa nayo kwenye kigoda mpaka uji wako ukaganda juu. Kisha ukasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mikono yangu imekwisha."

Hilo neno mimi nimeishi nalo miaka mitano. Wewe ndiye uliyewafundisha nusu ya wavuvi wa ufukwe huo kufunga chombo, na hawajawahi kulipatia lile fundo lako hata mmoja. Ukagawa nyavu. Ukaacha kushuka mwaloni, kwa sababu kuna wajinga waliokuwa wakikuuliza kama wakufungie na viatu. Mama ameniambia, na asinikasirikie kwa kulitoa hili, kwamba siku hizi hata mbuzi humfungi, unamwita yeye amfunge. Mbuzi, Baba. Mtu aliyewahi kufunga boti katikati ya mawimbi huku kiboko anaigonga ubavuni.

Sasa sikiliza. Mwaka huu mwanzoni nilipata kazi Masumbwe. Nilipelekwa kuchomelea karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ya bwana mmoja anaitwa Sweya. Ana uwanja mkubwa ambapo wachimbaji huleta mawe yao yasagwe, kisha mchanga wake unaoshwa. Nilipofika nikatafuta mahali pa kuweka mashine yangu, na kule nyuma, karibu na mapipa ya maji, nikaona kitu kirefu kimejaa tope jekundu. Nikadhani ni bafu la kuoshea. Nikakisogelea. Upande wa kulia kulikuwa na bonde la ukubwa wa karai, na ndani ya bonde mikwaruzo miwili iliyokwenda sambamba. Hayo ni meno ya kiboko wako. Nilikuwa darasa la nne alipowagonga, na uliporudi ulinipandisha ndani ya boti ikiwa imevutwa mchangani, ukanipitisha kidole juu ya ile mikwaruzo. Kidole changu hakijasahau.

Nikamuuliza Sweya, "Hii boti mmeitoa wapi?"

"Aa, fundi, hiyo hasara tu. Nililetewa na kijana wa huko Chato, ziwani, miaka kama mitano sasa. Alikuwa anatafuta mtaji wa duara."

Duara ndilo shimo lao la dhahabu. Nikamuuliza boti ilikuwa ya nani.

"Alisema ya baba yake. Marehemu."

Baba, nilisimama pale na nyundo mkononi. Marehemu. Wewe ulikuwa umepiga simu siku mbili kabla ukiniuliza kama Leah ameanza kung'oka meno ya mbele. Nilitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu ni Sweya, ambaye hana kosa. Yeye ni mtu wa maandishi, hanunui hata jembe bila hati. Akaenda ofisini kwake akarudi na hati ya mauziano, ina jina la muuzaji na saini yake. Nililisoma jina hilo mara tatu. Kikulacho ki nguoni mwako. Silitaji hapa, na wala si kwa kumwogopa.

Kaka, ukihitaji maji ya kunywa, kunywa, halafu uendelee.

Nikapiga magoti kwenye tope, nikaosha sehemu ya mbele kwa maji ya pipa. Kwenye ile pete ya chuma ya kufungia boti kulikuwa na kipande cha kamba ya bluu, kifupi kama kidole, na fundo lako. Mizunguko mitatu na mkia umerudishwa chini yake, kama ulivyokuwa ukifunga kila jioni. Limekaza mpaka limekuwa kama jiwe. Pembeni yake kuna alama za ncha ya kisu, mtu alijaribu kulichokonoa. Lilimshinda. Ndipo akakata kamba, na pale alipokata nyuzi zimetawanyika mpaka leo. Upande uliobaki ufukweni akauchoma kwa kiberiti, kama tunavyochoma kamba za nailoni zisifumuke, ukawa laini. Huo ndio mwisho ulioupapasa wewe kwenye kigoda.

Fundo lako halikufunguka, Baba. Lilikuwa zuri kuliko mwizi. Kaka, rudia mstari huo.

Nililia mbele ya wachimbaji wale na sioni haya kuandika. Kisha nikakasirika, na nilipokasirika nikapata nguvu. Nikamwambia Sweya kazi yote ya karasha nitaifanya, na malipo yangu ni boti pamoja na hati yake. Akanitazama kwa huruma. "Fundi, hiyo kitu ina mambo. Inaota mvi."

Ikawa hivi. Walikuwa wakiitumia kama karai kubwa. Mchanga wa dhahabu waliumwaga humo, wakachanganya na zebaki, ile wao wanaita makyuri, ambayo hukamata dhahabu. Kwenye karai la chuma haina neno. Lakini boti ni aluminiamu, na zebaki ikipata mkwaruzo kwenye aluminiamu inaingia ndani na kuila. Asubuhi walikuta imeota manyoya meupe kama ukungu wa mkate. Wakafuta, yakaota tena, wakafuta, yakaota, mpaka ikatoboka. Badala ya kumuuliza mke yeyote wa mchimbaji aliyewahi kuharibikiwa sufuria kwa namna hiyo, wakaenda kwa mganga. Mganga akawaambia kuna mzee ziwani anailia hiyo boti. Wakaogopa hata kuwauzia wayeyusha sufuria. Sijui mganga huyo anatumia nini, ila kwa bahati yake safari hii alipatia.

Nikaileta Kambarage juu ya lori la mkaa. Baba, huu mji unaufahamu. Hapa mtu akiona wingu anampigia simu ndugu yake. Sasa piga picha mimi nashusha boti mbele ya nyumba ya kupanga, watu wamesimama mpaka barabarani. Kufika jioni nilishapata jina, Mama Nuhu. Jirani yangu Mama Zuhura ndiye aliyelianzisha. Mdomo wake hauna mlango. Nikamwambia, "Nuhu naye walimcheka. Kawatafute waliomcheka uniambie wako wapi." Mafundi wenzangu wa barabarani nao wakaja na hekima zao. Mmoja akasema la kuvunda halina ubani, nipeleke ikayeyushwe, nitapata sufuria za kutosha harusi tatu. Nikamjibu sufuria ninazo, baba ninaye mmoja.

Niliiweka uani juu ya mawe, imegeuzwa tumbo juu, na ua wetu ukaisha hapo. Nguo zikaanikwa juu yake, kuku wakalala chini yake. Niliikwangua tope na rangi kwa wiki mbili, kila nikitoka kwenye mageti na vitanda vya wateja. Kisha nikafanya kosa la kwanza. Nikachukua mashine yangu ileile ya kuchomelea mageti nikaigusisha. Aluminiamu haingoji, Baba. Chuma kwanza kinageuka chekundu kikuonye. Hii ilikaa vilevile inang'aa, halafu ghafla ikadondoka chini kama mafuta ya nyama, na tundu la ukubwa wa shilingi likawa tundu la kupitisha ngumi. Wale mafundi walikuwa wanachungulia ukutani. Sikuwapa nafasi ya kusema. Niliwaambia nilikuwa napanua ili nione vizuri.

Aliyenitoa hapo ni Mzee Karimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Ni katika Wahindi waliozaliwa hapahapa, Kisukuma chake kinamshinda Leah mbali. Nilikwenda kumuuliza kama ana waya wa kuchomelea aluminiamu. Akacheka, "Boti Shinyanga, mama? Mvua yenyewe tunaisikia redioni." Nilipomweleza ni ya nani na ilikotoka, akaacha kucheka. Akaniambia babu yake alikuwa akiunda bodi za mabasi, na bodi zile hazikuchomelewa hata sehemu moja. Zilipigwa ribiti, vijimsumari vifupi unavyovipitisha kwenye tundu na kuvigonga kichwa pande zote mbili. Akapanda ngazi kwenye stoo, akashuka na nyundo ya babu yake na kipande cha chuma cha kushikilia upande wa pili. Hajaniuzia, kaniazima, na kila Ijumaa alituma mtu kuniuliza tumefika wapi. Wakati mwingine alikuja mwenyewe na kanzu yake, akachuchumaa, akapitisha kucha kwenye vichwa vya ribiti, na alipokuta kilicholegea alikigonga mara mbili kwa kucha bila kusema neno. Nilikuwa nakitoa nakipiga upya.

Lakini kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na ni langu mwenyewe ninayejifanya najua zebaki. Nilikata zile sehemu zenye matundu tu, nikaweka viraka vizuri, mpira wa tyubu katikati, ribiti zimepangana kama punje za hindi. Nikajisifu. Baada ya wiki moja nikaamka nikakuta manyoya meupe yameota kando ya kiraka, pale ambapo bati lilionekana zima. Ilikuwa imeshaingia ndani zaidi ya nilivyoona. Mama Zuhura akasema, "Mwenzangu, hiyo boti imekataa." Nilikaa chini nikajitukana kwa Kisukuma mpaka nikaishiwa.

Kisha nikasimama nikachukua mkasi wa bati. Nilikata sakafu yote ya nyuma, kipande cha ukubwa wa mlango, na kando zake shibiri nzima ya bati lililokuwa bado linang'aa, ili nisiache hata punje. Watoto nilikuwa nimewahamishia kwa jirani, mikono nimeivalisha glavu, mdomo nimeufunga kitambaa. Yale mabaki sikuyachoma, maana moshi wake unaua, wala sikuyatupa jalalani kwa watoto wa watu. Niliyafunga kwenye debe, nikafunga debe, nikampelekea Sweya Masumbwe pamoja na ujumbe kwamba mvi zake ni hizi, azitunze mwenyewe. Nasikia sasa watu wake wanatumia karai la chuma.

Ile sehemu ya mbele nilikuwa nimeifunika. Muda wote niliokuwa nakata na kugonga, kile kipande cha kamba kilikuwa ndani ya kitambaa kilicholowa maji, kisipate cheche wala nyundo. Kiko kwenye pete yake mpaka sasa hivi. Bonde la kiboko nalo sikuligusa. Baba Leah alitaka nilinyooshe, nikamwambia hilo ni la mzee na kiboko wake, mimi simo.

Kuna jambo jingine ambalo watakuja kukuletea watu wa mwaloni, kwa hiyo ulisikie kwangu kwanza. Najua kwenu mwanamke hakanyagi boti ya uvuvi, eti samaki wanakimbia. Mimi hii nimeikanyaga miezi minne. Nimeilalia, nimeikalia, nimekula viazi ndani yake. Ribiti zote utakazozipapasa nimepiga mimi, binti yako, na kama kuna sangara aliyeudhika, Kambarage atapajulia wapi?

Siku ya kuijaribu ndipo nilipokuwa na hofu kweli. Ziwa hatuna. Nikasema ikiwa siwezi kuiweka kwenye maji, nitayaweka maji ndani yake, na panapovuja pataonekana kwa nje. Na maji ya bomba ya hapa yanatoka ziwani kwenu, yanavutwa na mabomba mpaka huku, kwa hiyo hata hilo halikuwa geni kwake. Tuliigeuza, nikafungulia mpira wa maji kuanzia asubuhi. Mama Zuhura akatoka na ndoo zake tupu, amekasirika, na safari hii alikuwa na haki. Akasema watu tunagombania maji wewe unanywesha chuma. Wanawake wengine wakajazana nyuma yake. Nikawaambia wasubiri saa moja tu, nitazame, halafu maji yote ni yao.

Nilizunguka boti nikiipapasa chini kwa viganja, kama unavyompapasa ng'ombe mwenye mimba. Ribiti ya kwanza kavu. Ya kumi kavu. Pembeni ya kile kiraka cha mlango nikakuta tone moja, likadondoka, likaja la pili. Nikachukua nyundo ya babu yake Mzee Karimu, nikagonga kichwa kile mara tatu. Tone halikurudi. Saa ikapita, kukawa kukavu kote. Nikakaa chini kwenye vumbi. Mama Zuhura akaniuliza, "Imekubali?" Nikaitikia kwa kichwa. Akageuka akawaambia wenzake, "Leteni nguo." Kanga za mtaa mzima zilifuliwa ndani ya boti yako siku ile, Baba, na mashuka, na sare za shule, na jina la Mama Nuhu likafa hapo kwenye mapovu. Siku hizi wananiita Fundi Boti.

Mguu nao nilivunjika wakati wa kumwaga maji. Baba Leah alikuwa ameniambia niweke magogo, mawe yatateleza. Nikasema mawe yameshakaa miezi minne. Boti ikalala upande mmoja ikanikuta. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nimeota plasta. Hajaniambia "si nilikwambia" hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko mfupa.

Mkwe wako huyo ni mtu mwema, lakini kuna jambo tumegombana. Tangu nilipomwonyesha ile hati alinisihi. Akasema, "Mke wangu, boti mpelekee mzee. Karatasi ichome. Ile ni nyumba ya watu, utaivunja." Nilimsikiliza siku nyingi. Nilijaribu hata kuandika barua ya namna hiyo, kwamba boti imeokotwa kisiwani, Mungu mkubwa. Mkono ulikataa. Kama kuna nyumba imesimama kwa sababu mzee mmoja ameaminishwa kwamba mikono yake haifai tena, hiyo nyumba na ivunjike, na mimi nitakuwa wa kwanza kubomoa tofali. Ningekuonea huruma kwa uongo ningekuwa nimeshirikiana na mwizi. Umri wako ni mkubwa lakini hujawa mtoto, na ukweli unaouhusu mwili wako ni wako.

Basi ombi langu ni hili. Barua ikiisha, inuka, shikwa mkono mpaka kwenye gari, Baba Leah afungue turubai, na uanze na pete ya mbele. Papasa mwenyewe. Usimwachie mtu akueleze. Kisha wakiishusha majini, kwenye gari kuna kamba mpya, na asiifunge mtu mwingine yeyote. Hata kama jua litazama wakikusubiri, waache wasubiri. Wale waliotaka kukufungia viatu wasimame pale watazame.

Nisalimie Mama, umwambie kitenge chake kiko kwenye mfuko mweusi kwenye kiti cha mbele, na magoti ayapumzishe. Nisalimie Shangazi, dada yako wa kufuatana, ambaye siku ile ya upepo ni yeye peke yake aliyesema kamba haidanganyi, tukamnyamazisha. Nisalimie Baba Mdogo, ambaye kesho atasema alijua tangu mwanzo. Nisalimie na jirani yetu mwalimu mstaafu, mwambie darasa lake la saba halikupotea bure, kuna mmoja anapiga ribiti.

Ni mimi, kitinda mimba wako, mwenye mguu mmoja kwa sasa na kichwa kigumu siku zote,

Minza, Mama Leah.

Kaka Maduhu, hapa nyamaza. Usiyasome haya kwa sauti. Nimeyaandika chini ya jina langu, kwa herufi ndogo, kwa ajili yako peke yako.

Nakushukuru kwa miaka mitano. Umemwogesha Baba, umemshika mkono mpaka chooni, umemsomea kila barua, na mimi niliye mbali nilijiona mtoto mbaya mbele yako. Sasa najua kilichokuwa kinakuamsha alfajiri kumhudumia, na najua pia kwamba si hicho tu, kwa sababu wewe ni kaka yangu na moyo wako ninaufahamu. Nasikia lile duara liliwaporomokea kabla hamjapata hata punje. Pole, na ninasema pole ya kweli. Lakini ulimwambia mtu wa Masumbwe kwamba Baba amekufa, kisha ukarudi nyumbani ukamtazama akijaribu kufa. Siwezi kukubebea hilo, na sitakubali abebe yeye.

Hati iko kwa Baba Leah. Haitatoka mfukoni mwake ukisema mwenyewe. Usiposema, ataileta mlangoni, mkwe au si mkwe.

Umekaa kimya kwa muda wote uliosoma mistari hii, na Baba haoni lakini anasikia vizuri. Sasa hivi atakuuliza kama barua imeisha. Mwambie bado, kisha uendelee wewe.